Vunja Kanuni Moja Tu: Kutoa Video ya Muziki Kwenye Michoro ya Kisurealisti

Ukiagiza video "iwe kama ndoto", utaletewa mashine ya moshi, taa za zambarau na mwendo wa polepole. Mhariri naye ataongeza ukungu pembeni mwa fremu, na kazi itaitwa ya kisurealisti, yaani sanaa inayoonyesha mambo ya ajabu kama ya ndotoni. Michoro yenyewe iko mbali na hayo. Saa laini za Salvador Dalí za 1931 zimo kwenye turubai la sentimita 24 kwa 33 tu, na majabali ya mbali yamechorwa kwa ukali uleule wa saa zilizo mbele. René Magritte, ambaye aliwahi kuchora matangazo ya biashara ili kupata riziki, alichora ukuta, kona ya dari na kola ya shati kwa usafi wa mtu anayeuza bidhaa. Hakuna ukungu popote. Mtazamaji anashtuka kwa sababu kila kitu kiko sawa, isipokuwa kimoja.

Kazi nzima inasimama hapo: vunja kanuni moja ya dunia, nyingine zote uzishike kwa ukaidi. Ukivunja tatu kwa mpigo, mtazamaji anaacha kushangaa, anaanza kuona mapambo.

Soma mchoro kwanza

Tafuta picha nzuri ya mchoro, ukae nao dakika 10 na karatasi. Andika mambo matatu: kanuni iliyovunjwa, kanuni zilizoachwa salama, na nuru inatoka upande gani. La pili ndilo watu huliruka, na ndilo lenye siri.

Chukua "La Reproduction interdite", Magritte, 1937. Mwanamume anasimama mbele ya kioo, nasi tunamwona mgongo. Kioo nacho kinaonyesha mgongo wake. Sasa shusha macho hadi kwenye rafu iliyo chini ya kioo: kuna kitabu, na kitabu hicho kinaakisiwa sawasawa kama kioo chochote kingefanya. Ukikiondoa, mtu atasema hicho si kioo, labda ni dirisha. Kitabu ndicho ushahidi kwamba kioo ni kizima na kilichoharibika ni kitu kingine. Kila shoti unayopanga inahitaji "kitabu" chake.

Endelea hivyo na michoro mingine. "Golconde" ya 1953, wanaume wenye makoti waliotapakaa hewani mbele ya nyumba: uzito umevunjwa. "Les Valeurs personnelles" ya 1952, kitana kikubwa kama kabati: ukubwa. Mfululizo wa "L'Empire des lumières", mtaa wa usiku chini ya anga la mchana: wakati. Kikombe cha Meret Oppenheim cha 1936 kilichovikwa manyoya: nyenzo, ingawa hicho ni kifaa na si mchoro. Giorgio de Chirico alichora viwanja vitupu vyenye vivuli virefu miaka kadhaa kabla mwandishi André Breton hajatoa manifesto yake ya usurealisti ya 1924, lakini wasurealisti walimsoma sana, nawe msome: kwake mistari ya majengo haikutani mahali pamoja, ndiyo maana uwanja unatia wasiwasi hata pasipo na mtu.

Katika video za muziki, mfano safi ni "Virtual Insanity" ya Jamiroquai (1996), iliyoongozwa na Jonathan Glazer. Sakafu inaonekana kuteleza na kumbeba mwimbaji. Kumbe sakafu imetulia. Kuta ndizo zinazosogezwa, na kamera inakwenda nazo. Kanuni moja imevunjwa, chumba chenyewe ni cha kawaida mpaka kinachosha, na inatosha kwa wimbo mzima.

Kutoka kwenye mashairi hadi kwenye picha

Pitia maneno ya wimbo, uorodheshe nomino zinazoshikika tu: kiti, mlango, simu, shati. "Upendo" na "machungu" ziache. Kisha pitisha kila nomino kwenye mambo sita: ukubwa, uzito, nyenzo, wakati, mahali, mwakisiko. Wimbo wa mtu anayengoja, kwa mfano, una kiti. Kiti kinachojaza chumba mpaka dari. Kiti cha barafu kinachoyeyuka chini ya mtu aliyekaa ametulia. Kiti ambacho kivuli chake kinazunguka kama mshale wa saa ilhali nuru ya chumba haibadiliki. Hilo la tatu ndilo bora: linasema kungoja bila kuonyesha mtu anayengoja, na linapigika kwa taa moja inayozungushwa taratibu juu ya kiti na nyingine pana, laini, iliyotulia.

Usichore kile ambacho mstari tayari unakisema. Mwimbaji akitaja moyo uliovunjika, moyo wa plasta unaopasuka ni kielelezo tu.

Wimbo wa dakika 3 na sekunde 30 unabeba picha 4 hadi 6 za namna hii. Zaidi ya hapo zinaanza kufutana. Afadhali picha ya ubeti wa kwanza irudi kwenye ubeti wa mwisho ikiwa imesogea hatua moja kuliko kuleta ya saba.

Piga hesabu ya muda kabla ya siku ya kupiga picha. Wimbo wa midundo 100 kwa dakika, ukihaririwa kwa fremu 25 kwa sekunde, una fremu 15 kamili kwa kila mdundo. Kipimo cha midundo 4 ni fremu 60, sekunde 2.4. Ipe picha vipimo 4, yaani sekunde 9.6, bila kukata. Katika vipimo viwili vya mwanzo jicho linaona chumba cha kawaida. Cha tatu linagundua. Usilisaidie kwa kusogeza kamera karibu, kwani ugunduzi ukipewa mkononi si ugunduzi tena. Kwa midundo 128 hesabu haigawanyiki: kila mdundo ni fremu 11.72, na mhariri anayehesabu 12 kila mara atakuwa amechelewa zaidi ya fremu 2 baada ya midundo 8. Hapo akate kwa kutazama mawimbi ya sauti.

Mpangilio wa kamera

Kamera isimame kwenye stendi, usawa wa macho, lenzi ya milimita 35 hadi 50, tundu la f/8 au dogo zaidi (namba ya f iliyo kubwa zaidi). Mandhari ya nyuma yaliyofifia ni adui hapa, maana yanamwambia mtazamaji asitazame huko, na huko ndiko kulikojaa zile kanuni ulizozishika. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde kwa fremu 25. Fokasi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na mizani ya weupe (jinsi kamera inavyosoma rangi ya mwanga) vyote kwa mkono. Zima kitulizaji cha mtikisiko: kikiwa juu ya stendi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuisogeza picha kidogo kidogo, na ukija kuunganisha tabaka mbili utakuta ukingo wa ukuta unaelea. Kabla ya kuondoka kila mahali, piga sekunde 10 za eneo tupu lisilo na mtu. Utazihitaji siku ambayo waya utaonekana.

Kioo kinachokataa uso

Hii ijenge kwa mbao, usiiache kwa kompyuta. Toboa ukuta wa bandia tundu la sentimita 120 kwa 90, ulizungushie fremu ya kioo, bila kioo. Nyuma yake jenga kipande cha chumba chenye rangi ileile. Msanii asimame sentimita 80 mbele ya fremu, na mtu wa kufanana naye sentimita 80 nyuma ya fremu, kwa kuwa mwakisiko huonekana umbali sawa na kitu kilivyo mbele ya kioo. Wote wanaipa kamera mgongo. Mavazi yalingane hadi mkunjo wa kola. Kisogo ndicho kinachosaliti, kwa hiyo nywele za wote wawili zikatwe na kinyozi mmoja siku hiyohiyo.

Nuru itoke ubavuni kabisa, nyuzi 90 kutoka kwenye mstari wa kamera. Sababu ni hii: kioo hugeuza mbele kuwa nyuma. Taa iliyo upande wa kamera ingetakiwa, ndani ya kioo, itoke upande wa mbali, nawe ungelazimika kujenga taa za vyumba viwili vilivyogeuzana. Nuru ya ubavuni haigeuki. Punguza mwanga wa chumba cha nyuma kidogo tu, kama robo ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), kwani vioo halisi humeza mwanga.

Weka kitabu chako. Mbele, juu ya rafu, chupa yenye lebo; nyuma, umbali sawa kutoka kwenye fremu, chupa ya pili yenye lebo iliyochapishwa kinyume. Bila chupa hiyo umejenga dirisha.

Mwendo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuwa wote wanatazama upande mmoja, msanii akiinua mkono wa kulia, mwenzake naye anainua wa kulia, na mikono yote iko upande mmoja wa fremu. Wahesabie kwa mdundo wa wimbo, si kwa kutazamana. Kuchelewa kwa fremu 2 au 3 hakuonekani, fremu 8 zinaonekana. Na kwa sababu nafasi ni halisi, kamera inaweza kuteleza pembeni nusu mita bila hila kuvunjika. Angalia tu mwisho wa ukuta wa nyuma usiingie kwenye fremu.

Usiku chini ya anga la mchana

Tafuta nyumba yenye ukingo safi wa paa: bila matawi, bila nyaya. Magritte aliweka miti, lakini majani yake hayapepei.

1. Funga kamera. Ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya stendi na uweke alama za utepe kwenye miguu yake, kwa sababu itakaa hapo saa nyingi au itabidi uirudishe.
2. Piga anga mchana, mawingu madogo yaliyotawanyika, kwa sekunde 60. Mizani ya weupe 5600K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kama anga la siku hiyo ni jeupe tupu, lipige siku nyingine mahali pengine, ila kwa lenzi ileile na kamera iliyoinama vilevile.
3. Piga mtaa kuanzia dakika 10 hadi 25 hivi baada ya jua kuzama. Mizani ya weupe 3200K, ili mwanga uliobaki ugeuke bluu na taa za madirishani zibaki na joto. Usingoje giza kamili: hapo kuta zinakuwa weusi usio na umbo, na kamera inajaza chembe, yaani vidoadoa vya picha.
4. Msanii anatembea kwenye picha ya mtaa peke yake. Kichwa chake kisivuke ukingo wa paa hata mara moja, la sivyo anga litamkata.
5. Unganisha kwenye kompyuta kwa maski (umbo linalokata tabaka moja ili nyingine ionekane) inayofuata paa, kingo zilainishwe pikseli 1 au 2 kwenye video ya 1080. Shusha mwanga wa anga nusu stopu, kisha weka chembe zilezile juu ya tabaka zote mbili.

Inapoharibika, mara nyingi kosa liko chini, si kwenye maski. Dimbwi la maji au kioo cha gari kinaakisi anga la jioni huku juu ni mchana, na jicho linalijua hilo kabla ya akili. Fagia maji, ondoa magari. Kosa lingine ni kumwekea msanii taa ya mbele ili aonekane vizuri. Taa pekee anayoruhusiwa ni ile inayoonekana kwenye picha, dirisha au nguzo.

Tunda kubwa kama mtu

Ukubwa unaoonekana ni ukubwa halisi kugawanya kwa umbali. Tofaa la sentimita 8 lililo sentimita 60 kutoka kwenye lenzi huonekana sawa na la sentimita 120 lililo mita 9, yaani mara 15. Msanii akisimama mita 9, tofaa linamfika kifuani.

Vyote viwili lazima viwe vikali. Kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 kwa f/16, ukiweka fokasi kwenye mita 1.2, ukali unaanza kama sentimita 60 na kwenda mpaka upeo wa macho. Kwenye jua hilo ni jepesi. Ndani ya chumba utahitaji taa nyingi kuliko unavyofikiri.

Tatizo kubwa ni mguso. Tofaa lipo juu ya meza ndogo karibu na lenzi, na meza inatakiwa isomeke kuwa ni sakafu ileile anayosimama msanii. Ifunike kwa mchanga, saruji au zulia lilelile, kisha shusha kamera mpaka ukingo wa mbali wa meza uungane na sakafu. Kivuli cha tofaa lazima kilale upande uleule na kivuli cha msanii. Kamera haisogei hata sentimita moja. Na msanii "akiligusa" tofaa, anagusa hewa, kwa hiyo mtu akae kwenye skrini ya kamera amwelekeze mkono.

Vivuli, hewa na kitambaa

Kivuli kirefu cha namna ya De Chirico kinataka chanzo kimoja kikali na cha chini. Jua likiwa nyuzi 15 juu ya upeo, mtu wa mita 1.70 anatoa kivuli cha mita 6.3, likishuka hadi nyuzi 10, mita 9.6. Panga mazoezi mapema, maana katika maeneo ya tropiki tofauti hiyo ni dakika 20 na ushei tu. Ukitumia taa badala ya jua, isogeze mbali sana: ikiwa karibu, vivuli vya watu wawili hutawanyika kama vidole, na mtazamaji anajua hapo kuna taa. Kivuli kisicho na mwenyewe ni rahisi kuliko vyote. Msanii anasimama nje ya fremu.

Kumsimamisha mtu hewani, usimning'inize kwa kamba. Anayening'inia huchongoa miguu chini na mabega yake hupanda, na mwili mzima unasema kamba. Asimame juu ya jukwaa lililofunikwa kijani, rangi itakayofutwa kwenye kompyuta, vidole vya viatu karibu na ukingo, koti likiangukia chini kama kawaida. Pembe ya kamera ilingane na ya mtaa atakamoingizwa. Atakayeonekana mita 6 juu ya kamera na mita 12 mbali anatazamwa kwa nyuzi 27 hivi, kwa hiyo jukwaa la mita 2, kamera sakafuni, umbali wa mita 4. Mtu mmoja asimame chini ya jukwaa muda wote. Halafu mchoree kivuli ukutani. Bila kivuli anakuwa stika.

Kitambaa kilichofunika kichwa, kama wapenzi wa Magritte wa 1928, kiwe pamba nyepesi na kikavu. Kikilowa kinaziba hewa. Nailoni na plastiki ni marufuku. Shoti isizidi dakika 1, na aliyefunikwa apewe ishara ya mkono ya kusimamisha kazi, kwa kuwa sauti yake itamezwa na spika.

Mwendo wa dunia tofauti na mwendo wa midomo

Ili mwimbaji aimbe sawa na wimbo huku vitu vinavyomzunguka vikianguka polepole, piga kwa fremu nyingi na ucheze wimbo kwa kasi zaidi. Kasi ya wimbo ni fremu za kupigia kugawanya kwa fremu za kuhariri: 50 kwa 25 ni mara 2, na wimbo wa dakika 3:40 unapita kwa 1:50. Mara 2 ni kazi ngumu kwa mwenye kurap, konsonanti zinamezwa. Anza na fremu 30, mara 1.2, ambayo inatoa uzito kidogo tu mwilini bila mtu kujua kwa nini. Andaa faili za kasi zote nyumbani na uziandike majina wazi.

Kuimba kinyumenyume kunawezekana pia: geuza wimbo, msanii akariri sauti zake kama lugha ngeni, apigwe picha, kisha video igeuzwe. Ishia kwenye kiitikio kimoja cha sekunde 10 hadi 15. Tembea kinyume, vuta pumzi kinyume, na maji yapande kwenye glasi. Kinachoharibu ni macho: mtu hupepesa na kugeuka kuelekea sauti, na vikigeuzwa vinaonekana kama woga.

Usinakili mchoro

Hakimiliki hulinda picha yenyewe, wazo halilindwi. Magritte alifariki 1967 na Dalí 1989. Katika nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo, kazi zao zinalindwa mpaka mwisho wa 2037 na 2059. Mwanamume mwenye kofia nyeusi ya mviringo na tofaa la kijani usoni ni kutafuta barua ya mwanasheria, na isitoshe kila mtu ameshaiona. Kuficha uso kwa kitu kinachoelea hakuna mwenyewe. Kitafute kitu hicho kwenye orodha yako ya nomino.

Kabla ya kupakia

Tazama video nzima bila sauti, kwenye simu, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Picha isiyoeleweka bila maneno ya wimbo irudishwe kwa mhariri. Rangi zisivutwe mbali na uhalisia; ngozi ikigeuka bluu, umeongeza ajabu ya pili ambayo hukuipanga. Na lile anga laini ulilounganisha ndilo linaloumia zaidi mitandaoni: mgandamizo wa faili huligawa kuwa michirizi kama ngazi. Ongeza chembe kidogo juu ya anga hata kama kwenye kompyuta yako linaonekana safi, kisha pakia sekunde 20 kwa faragha ulikague huko huko litakakoonekana.